Neno "School" na Asili Yake

Neno la Kiingereza "school" hutamkwa na watoto wetu kila siku, lakini ni wachache waulizao lilikotoka. Asili yake ni "skhole" la Kiyunani, na maana yake ya kwanza haikuwa nyumba wala somo, bali wasaa, yaani nafasi ya mtu asiyeshikwa na kazi. Wenye wasaa huko Athens waliutumia kwa kujadiliana mambo ya elimu, kisha jina la wasaa likahamia mahali penyewe. Warumi wakalichukua, wakasema "schola", na Waingereza wakalipata kwao.

Lakini wasaa ule haukupatikana bure. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, migodi ya fedha ya Laurion, karibu na Athens, ilichimbwa na watumwa, nao hawakuwa na "skhole". Sisi tufundishao tumewaona wasichana waliobakizwa nyumbani wachunge mbuzi, ili ndugu zao wapate kusoma; basi maana ile ya kale si ngeni kwetu.

Wadachi, waliotawala Tanganyika hadi Vita Vikuu vya 1914–1918, walisema "Schule", na kwao tukapata shule. Unguja husema skuli, kwa kufuata Kiingereza. Kabla ya hayo watu wa pwani walisema chuo.

Tena, mwanafunzi akikuta kitabuni "a school of fish", asidhani kwamba samaki wanasoma! Hilo ni neno jingine, la Kiholanzi, maana yake kundi. Yamefanana kwa sauti tu.