Spika nzuri ni ipi? Tuiulize historia

Ubishi wa spika hapa hosteli hauishi: huyu anataka besi itikise dirisha, yule anataka sauti itoke kama ilivyorekodiwa. Mimi ni mtu wa Kagongwa. Kwetu Usukumani, Bagika na Bagalu hucheza ngoma kwa wakati mmoja, na mshindi ni kundi linalovuta watu wengi. Hapo ladha ndiyo hakimu.

Wauzaji wa mashine wao walihubiri usahihi. Mwaka 1916, Carnegie Hall jijini New York, kampuni ya Edison ilimsimamisha mwimbaji Marie Rappold kando ya gramafoni, ikitamba kwamba tofauti haisikiki. Sikiliza rekodi za enzi zile leo: mikwaruzo mitupu!

Miaka ya 1980, Floyd Toole kule Kanada alificha spika nyuma ya pazia, watu wakasikiliza na kutoa alama. Wengi walipenda zile zenye sauti sawia, zisizotia chumvi. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive walipima kwa pazia na bila pazia. Spika zilipoonekana, alama zikabadilika.

Kumbe ladha na usahihi siyo maadui. Mchonganishi ni macho. Kwa hiyo kabla hujamaliza bumu kwenye sabufa, mwambie muuzaji azifunike kwa khanga, weka wimbo unaoujua, sauti zilingane, ndipo uchague. Ukiipenda yenye besi, poa tu, ila hakikisha ni sikio lako lililopenda. Haya, nani anabisha?