Biashara ya ngozi za punda

Biashara ya ngozi za punda ni ununuzi na uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao. Ngozi hizo huchemshwa nchini China ili kupata ejiao, aina ya gelatini inayotumika katika tiba ya jadi. Barani Afrika biashara hiyo imezua mjadala wa kimaadili, kwa sababu mnyama anayechinjwa ndiye anayebeba maji, kuni na mazao ya familia nyingi zisizo na usafiri mwingine.

Asili

Ejiao imetumika China kwa zaidi ya miaka 2,000, hasa kama dawa ya kuongeza damu. Mahitaji yake yalikua kadiri kipato cha watu kilivyopanda, huku punda wa China wakipungua kutoka milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni 3. Kuziba pengo hilo kwa ufugaji ni vigumu: punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Hivyo wanunuzi waligeukia Afrika.

Nchini Kenya

Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa, hata yakafikia manne, katika kaunti za Baringo, Nakuru, Machakos na Turkana. Hadi mwisho wa 2018 walikuwa wamechinjwa punda zaidi ya 300,000. Wizi uliongezeka, na baadhi ya wenye punda walikuta mizoga iliyochunwa ngozi na kutupwa vichakani. Kwa kuwa bei nayo ilipanda, wengi walioibiwa hawakuweza kununua punda mwingine. Mizigo ikawarudia wanawake na watoto. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ilitengua marufuku hiyo.

Hoja za kimaadili

Watetezi wa biashara husema kwamba punda ni mfugo kama ng'ombe na mbuzi, ambao huchinjwa kila siku bila lawama, na kwamba machinjio huleta ajira na fedha za kigeni.

Wapinzani hutaja mateso ya punda wanaosafirishwa mbali bila maji wala chakula, pamoja na hasara ya wenye punda. Wengine hutumia hoja za dini. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huhesabu nyama ya punda wa kufugwa kuwa haramu. Katika Biblia, kitabu cha Kutoka (23:5) kinaagiza kumsaidia hata punda wa adui aliyelemewa na mzigo. Methali ya Kiswahili "punda afe mzigo ufike" huonyesha mtazamo mwingine, wa kumwona mnyama kama chombo tu.

Hata hivyo, hoja ya watetezi kuhusu ng'ombe ina uzito. Ikiwa punda analindwa kwa sababu ya kazi yake, ulinzi huo unaweza kukoma akizeeka. Ikiwa analindwa kwa sababu anahisi maumivu, basi ng'ombe, mbuzi na kuku nao wanahisi.

Marufuku ya Umoja wa Afrika

Burkina Faso na Niger zilichukua hatua za kuzuia biashara hiyo mwaka 2016. Desemba 2022 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Dar es Salaam kujadili mustakabali wa punda. Februari 2024, mjini Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Utekelezaji unategemea sheria na usimamizi wa kila nchi.