Nadhiri ya Mtawa: Neno Lisilo na "Iwapo"

"Mwanangu akipona, nitachinja mbuzi." Mama wa Pwani akisema hivyo kando ya kitanda cha mgonjwa, wenzake husema ameweka nadhiri. Mtoto akiinuka, mbuzi huchinjwa, majirani hula, na mama huwa ameondoa nadhiri yake. Ndivyo Kiswahili kilivyolizoea neno hili tulilolipata kutoka Kiarabu. Hata katika Biblia, Yakobo aliweka nadhiri kule Betheli kwa sharti kwamba Mungu amlinde safarini na kumpa chakula na nguo.

Wakatoliki hulitumia neno hilohilo wanaposema kwamba sista fulani amefunga nadhiri za daima. Asiyeuzoea utawa huweza kuuliza: huyu sista aliomba nini, na alipewa nini hata akalipa kwa maisha yake yote? Jibu ni kwamba hakuweka sharti lolote. Nadhiri ya mtawa haina "iwapo", na hapo ndipo istilahi hii inapoachana na matumizi ya kila siku.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1191, inaeleza kwamba nadhiri ni ahadi anayopewa Mungu, kwa kufikiri na kwa hiari, kuhusu jambo jema linalowezekana na lililo bora zaidi. Kila neno hapo lina kazi. Kwa kuwa ni ya hiari, nadhiri iliyotolewa kwa hofu kubwa isiyo ya haki, au kwa hila, ni batili. Na kwa kuwa inahusu jambo lililo bora, mtu hawezi kumwekea Mungu nadhiri ya kutenda uovu. Mtawa haikimbii ndoa kama kitu kibaya. Anaacha chema kwa ajili ya kingine.

Tuitenge nadhiri na jirani zake wawili. Ahadi ya kawaida hupewa mtu: padre wa jimbo, siku ya upadrisho, humwahidi askofu wake utii, na hafungi nadhiri za kitawa, ingawa wengi hudhani hufunga. Kiapo humwita Mungu awe shahidi wa neno letu. Katika nadhiri, Mungu si shahidi, ndiye anayepewa. Tofauti hiyo imo katika historia yetu. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, ni watawa wenye nadhiri. Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, waliopita hapohapo Bagamoyo mwaka 1878 wakielekea maziwa makuu, hawafungi nadhiri. Wao hula kiapo.

Nadhiri zinazojulikana zaidi ni tatu: ufukara, usafi na utii. Hii ya pili wengi huiita useja, lakini useja ni hali ya kutooa au kutoolewa tu, na mtu anaweza kuwa mseja bila kupenda. Usafi wa moyo unagusa hasa kile anachotoa mtawa, yaani namna yake ya kupenda. Baadhi ya mashirika yana nadhiri ya nne. Wajesuiti wanaofikia hatua hiyo humwahidi Mungu kumtii Papa katika utume atakaowapa. Masista wa Mama Teresa wa Kolkata hujifunga kuwatumikia bure maskini kuliko wote.

Kwa kuwa ahadi hii ni nzito, Kanisa haliharakishi mtu. Unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio kabla ya nadhiri, hudumu angalau miezi 12. Nadhiri za muda hazifungwi kabla ya miaka 18 ya umri, na huchukua miaka 3 hadi 6, ambayo ikiongezwa haizidi 9. Nadhiri za daima hazifungwi kabla ya miaka 21. Anayeshindwa baadaye anaweza kuomba afunguliwe, lakini hajifungui mwenyewe: katika shirika lenye haki ya kipapa, yaani lililo chini ya Papa moja kwa moja, ruhusa ya kutoka baada ya nadhiri za daima hutolewa na Kiti Kitakatifu.

Je, basi, neno "nadhiri" linafaa? Linafaa sana, kwa sababu ya vitenzi linavyofuatana navyo. Twasema "kufunga nadhiri" kama tusemavyo "kufunga ndoa": watu hawafanyi biashara, wanafungamana. Na twasema "kuweka nadhiri", kitenzi kilekile cha kuweka akiba na kuweka amana: kitu kimetoka mkononi, kimekabidhiwa. Kwa Wabenedikto, ambao abasia zao za Peramiho na Ndanda zinajulikana sana Tanzania, kitenzi hicho ni tendo la mkono. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inaagiza kwamba anayeingia utawani aandike hati ya ahadi yake mwenyewe. Asiyejua kuandika huandikiwa, naye hutia alama. Kisha huiweka juu ya altare kwa mkono wake.

Nadhiri ya mama wa Pwani huondolewa siku mbuzi anapochinjwa. Kanuni ya Benedikto inasema kwamba mtawa, hata akiondoka siku moja, atarudishiwa nguo zake za zamani. Hati yake harudishiwi. Inabaki monasterini.