Mali bila daftari: simu ya mkononi katika biashara ndogo za Afrika Mashariki

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika maduka ya rejareja, vibanda na magenge ya Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya daftari hilo sasa imo ndani ya simu ya mkononi. Simu hupokea malipo, huomba mkopo na hutoa stakabadhi ya kodi. Hata hivyo, manufaa yake humfikia zaidi mfanyabiashara anayejua kusoma kumbukumbu zake mwenyewe, kwa maana kumbukumbu hizo husomwa pia na mkopeshaji na mamlaka ya mapato.

Kutenganisha fedha za duka na za nyumbani

Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa na kampuni ya Safaricom nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikafika Tanzania kupitia Vodacom. Nchini Uganda, MTN ilianza huduma kama hiyo mwaka 2009. Hapo awali kazi yake kuu ilikuwa kutuma fedha kwa jamaa. Mwaka 2013 Safaricom ilianzisha Lipa na M-Pesa, ambayo humpa mwenye duka namba ya kupokelea malipo ya wateja, na huduma za namna hiyo zimeenea katika nchi jirani.

Namba hiyo ina faida kubwa kuliko urahisi wa malipo. Muuzaji anayepokea fedha zote kwa namba yake binafsi huchanganya fedha za bidhaa na ada za shule, michango ya harusi na matumizi ya nyumbani. Mwisho wa mwezi hawezi kusema kwa hakika duka limempatia nini.

Mauzo si faida

Taarifa ya malipo inayotolewa na simu huonyesha fedha zilizoingia. Haionyeshi bei ya kununulia bidhaa, kodi ya pango, nauli ya mzigo wala bidhaa zilizoharibika. Duka lililouza bidhaa za shilingi 200,000 kwa mwezi, likabakiwa na shilingi 20,000 baada ya gharama zote, lina faida ya asilimia 10 tu.

Kwa sababu hiyo, mwenye duka anahitaji kuandika kila siku mambo matano: manunuzi, mauzo ya fedha taslimu, mauzo kwa simu, bidhaa zilizochukuliwa kwa mkopo na matumizi. Programu ya jedwali katika simu au kompyuta hujumlisha hesabu hizo yenyewe, lakini daftari la karatasi linaloandikwa kila jioni ni bora kuliko programu inayofunguliwa mara moja kwa mwezi.

Mkopo na gharama yake

Mwezi Novemba mwaka 2012 Safaricom na Benki ya Biashara ya Afrika zilianzisha M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu. Historia ya mtu ya kutumia simu ilichukua nafasi ya dhamana ya nyumba au shamba. Ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani anayekopa shilingi 10,000 hurudisha 10,750. Mkopo kama huo humfaa anayenunua nyanya na kuzimaliza kwa siku tatu, lakini humwumiza anayenunua bidhaa zitakazokaa rafuni miezi miwili.

Baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni nchini Kenya walizoea kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Kanuni zilizotolewa mwezi Machi mwaka 2022 zilipiga marufuku mwenendo huo na kuwataka wakopeshaji hao wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya.

Stakabadhi za kielektroniki na kodi

Rwanda ilianza kutumia mashine za stakabadhi za kielektroniki mwaka 2013. Uganda ilifuata kwa mfumo wa EFRIS mwaka 2021, na mwezi Aprili mwaka 2024 wafanyabiashara wengi wa Kampala walifunga maduka wakiupinga. Nchini Kenya, tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu za kodi ya mapato.

Hapo ndipo umuhimu wa daftari unapodhihirika. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 iliweka kodi ya asilimia 3 ya mauzo kwa biashara zinazouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Lile duka la mauzo ya shilingi 200,000 kwa mwezi hutozwa shilingi 6,000, ambazo ni asilimia 30 ya faida yake. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kuomba kutozwa kodi kwa kuzingatia faida badala ya mauzo, lakini asiye na kumbukumbu za gharama hana namna ya kujua njia ipi ni nafuu, wala ya kuithibitisha faida yake.

Kulinda kumbukumbu

Wakati wa uchaguzi mkuu wa Uganda wa Januari 2021, intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa. Kumbukumbu zilizohifadhiwa mtandaoni pekee huwa hazifikiki katika hali kama hiyo, sawa na za simu iliyoibwa. Yafaa nakala iwekwe mahali pengine angalau mara moja kwa wiki, na namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata msaidizi wa dukani. Majina na namba za wateja wanaodaiwa nazo zitunzwe kwa siri: Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.