Uchaguzi mdogo (Tanzania)

Uchaguzi mdogo ni uchaguzi wa kujaza kiti cha mbunge wa jimbo au diwani wa kata kilichobaki wazi kabla ya uchaguzi mkuu. Diwani wa Iyunga, jijini Mbeya, akifariki au akijiuzulu, wanaorudi kituoni ni wapiga kura wa kata hiyo tu.

Kwa mbunge, Ibara ya 71 ya Katiba inataja sababu nyingine: kukosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, au kuacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Sharti hili la mwisho ni kali. Linakipa chama nguvu juu ya chaguo la wananchi.

Mfano mmoja wa kiti kilichoachwa wazi na kifo ni Kalenga, Iringa. Mbunge wa jimbo hilo, Waziri wa Fedha William Mgimwa, alifariki Januari 1, 2014. Machi 16 mwanawe Godfrey (CCM) alishinda kiti hicho.

Viti maalumu vya wanawake hujazwa kutoka orodha ya chama, bila kura. Urais nao hauna uchaguzi mdogo: rais akifariki, Makamu wa Rais huchukua nafasi yake, kama Samia Suluhu Hassan alivyoapishwa Machi 19, 2021. Jimbo likibaki wazi ndani ya miezi 12 kabla ya Bunge kuvunjwa, husubiri uchaguzi mkuu.