Nyumba na Ukoo katika Hadisi ya Edgar Poe

Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa hadisi ya Edgar Allan Poe juu ya Nyumba ya Usher, kama Baudelaire alivyoifasiri katika kitabu kilichotoka mwaka 1857. Tuliogopa, tukafunga kitabu. Yafaa tukifungue tena, tuitazame ile nyumba yenyewe.

Poe aliitoa kwanza mwezi wa Septemba 1839, katika gazeti moja la Philadelphia, huko Marekani. Mwanzoni atuambia ya kuwa wanakijiji, wakitaja "Nyumba ya Usher", walitaja mambo mawili pamoja: jengo la mawe, na ukoo uliokaa ndani yake. Hapo sisi hatuhitaji mfasiri. Nyumba ya Daudi si matofali. Mfalme alitaka kumjengea Mungu nyumba, naye Mungu, kwa kinywa cha Natani, akaahidi kumjengea mfalme nyumba, yaani uzao (2 Sam. 7).

Kwa Usher mambo ni kinyume. Ukoo huo haukutoa matawi ya kudumu. Mali na jina vilishuka daima toka baba hata mwana, hakuna mjomba wala binamu wa kuitwa siku ya taabu. Wamebaki pacha wawili, Roderick na Madeline, nao wote wagonjwa. Mgeni akifika aona madirisha kama macho matupu, na ufa mwembamba ukishuka toka paa hata maji meusi ya ziwa. Tunayo methali juu ya ufa na ukuta. Lakini kwa Usher nani angeziba?

Wako wanaosema nyumba hiyo ni akili ya Roderick. Hawakosi kabisa, maana yeye mwenyewe aimba wimbo wa jumba la mfalme, na jumba lile ni kichwa cha mtu. Ila tuangalie saa ya kuanguka. Nyumba haikuanguka Roderick alipoanza kupotewa na akili. Ilianguka usiku ule Madeline, aliyewekwa kaburini akiwa hai, aliporudi akamwangukia ndugu yake, wakafa pamoja. Ukoo umekwisha, na mawe yakaufuata ziwani.

Poe alifiwa na mama yake mwaka 1811, hajatimiza miaka 3. Alilelewa Richmond na tajiri John Allan, asiyemfanya mwana wake kwa sheria. Allan alipokufa mwaka 1834, hakumwachia kitu. Jina lake Poe alilichukua, nyumba hakupewa.