Asikloviri: njia yake mwilini

Asikloviri ni dawa ya kupambana na virusi vya jamii ya hepesi, vinavyoleta malengelenge ya sehemu za siri na mkanda wa jeshi. Ilitoka katika maabara za Burroughs Wellcome, Marekani, miaka ya 1970. Gertrude Elion, mmoja wa walioichunguza, alishiriki Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 1988.

Panya wa maabara walipewa dawa iliyotiwa kaboni yenye mnururisho ili watafiti waifuate hadi inapotokea. Sehemu kubwa ya ile iliyofika kwenye damu ilionekana katika mkojo ikiwa vilevile ilivyoingia. Ini lilikuwa limeigusa kidogo tu.

Kwa binadamu mambo hayatofautiani sana. Kati ya dozi inayomezwa, asilimia 15 hadi 30 tu ndiyo hufyonzwa. Figo huichuja, na mirija yake midogo huongeza kasi kwa kuisukuma kutoka damuni kwenda kwenye mkojo. Ndiyo maana mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Kila baada ya saa 3 hivi, kiasi kilichomo damuni hupungua kwa nusu: mama lishe aliyemeza kidonge alfajiri, ikifika magharibi amebakiwa na takriban sehemu moja ya 16.

Ajabu ya dawa hii imo ndani ya seli. Kimeng'enya cha kirusi chenyewe ndicho kinachoibandika fosfeti ya kwanza na kuiamsha, kwa hiyo seli isiyo na kirusi karibu haidhuriki.

Mwanza iliijua dawa hii kwa karibu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wenzao wa London waliwafuatilia wanawake 821 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, wenye hepesi aina ya 2 lakini wasio na VVU, waliofanya kazi katika baa, nyumba za wageni na migahawa. Karibu nusu yao walipewa miligramu 400 mara mbili kwa siku, wengine vidonge bandia, ili kuona kama kuidhibiti hepesi kungepunguza maambukizi ya VVU. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalivunja moyo: maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 27 upande wa dawa na 28 upande wa pili. Wanawake wale walistahili jibu jema zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Seattle walionyesha sababu mojawapo: hata kidonda cha hepesi kikipona kwa dawa, seli ambazo VVU huzishambulia hubaki zimejaa pale kwenye ngozi kwa miezi.